Mifuko ya friza kwa chungu cha umeme: unga mara moja, ule mwezi mzima

Maelekezo ya Wamarekani ya kupika kwa chungu cha umeme karibu yote yanafanana: tia nyama mbichi mfukoni, tia kitunguu kibichi, tia nyanya ya kopo, gandisha, siku ya kupika mimina chunguni, washa, nenda kazini. Kwa chakula chao inafaa. Ukifanya hivyo kwa mchuzi wetu, utarudi jioni ukute nyama laini inaogelea kwenye maji mekundu, kitunguu kimelegea lakini bado kina ubichi wake, na nyumba nzima haina harufu ya kitu kilichoungwa. Chungu hiki hakikaangi. Kinatokosa taratibu, kimefunikwa, na mvuke wote unarudi ndani. Kuunga kunabaki kazi yako, kwenye karai, kwa mafuta ya moto.

Lakini nani kasema lazima uunge kila siku? Unga rosti moja kubwa mara moja kwa mwezi, igawe kwenye mifuko pamoja na nyama mbichi, gandisha, na chungu kifanye yaliyobaki. Ninayemwandikia hapa ni yule aliyeko ughaibuni, anayerudi kutoka zamu amechoka, mwenye friza yenye nafasi na watoto wasiotaka mkate tena. Aliyeko nyumbani Dar au Mombasa naye anaweza kufuata, ila asome mpaka mwisho, kwenye habari za umeme.

Chungu chenyewe

Wengi wanakiita Crock-Pot, ingawa hilo ni jina la biashara la kampuni moja tu; dukani ulizia slow cooker. Ndani ni chungu kizito cha udongo uliochomwa na kupakwa mng'aro, nje kuna ganda lenye waya wa kupasha joto, juu kifuniko cha kioo. Kwa familia ya watu watano nunua cha lita 6. Vingi vya ukubwa huo hutumia wati 200 hadi 300 hivi, kwa hiyo kukiacha kinawaka saa nane hakuumizi bili kama tanuri. Vitufe vimeandikwa LOW na HIGH. Mimi nitasema moto mdogo na moto mkubwa. Kwa vyungu vingi, joto la mwisho ni karibu lile lile kwa vyote viwili, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni kasi ya kufika huko.

Aliyekibuni, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940. Alisema wazo lilitoka kwenye simulizi za mama yake kuhusu cholent, chakula cha maharage cha Wayahudi wa Lithuania kilichopelekwa Ijumaa jioni kwenye tanuri la mwoka mikate, kikalala humo usiku kucha, kikaliwa siku ya Sabato. Kampuni ya Rival ilikuja kuinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakitoa sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kumbe asili yake ni maharage, na ajabu ni kwamba maharage ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko chakula kingine chochote humo. Tutafika.

Cha kununua

Hesabu hii ni ya mifuko 12, yaani chungu mara tatu kwa wiki kwa mwezi mzima: mifuko mitatu ya mchuzi wa ng'ombe, mitatu ya kuku wa nazi, mitatu ya maharage ya nazi, miwili ya nyama ya pilau, na mmoja wa makongoro kwa ajili ya Jumamosi moja ya heshima.

Nyama ya ng'ombe chukua kilo 5, na usinunue steki. Nyama ya bei ghali haina kano, na ikikaa saa nane kwenye joto inakuwa kama kamba. Unachotaka ni shingo, bega, muundi na mkia, ile yenye nyuzi nyeupe na mfupa. Zile kano huyeyuka polepole zikawa utelezi unaoupa mchuzi uzito, na kuyeyuka kwake ndiko kunakohitaji saa nyingi. Chukua kilo 3 bila mfupa kwa mchuzi na kilo 2 zenye mfupa kwa pilau.

Kuku chukua mapaja, kilo 3 na nusu hivi, uyatoe ngozi, kwa sababu ngozi kwenye chungu hiki haikauki, inabaki inateleza. Kidari kiache, kinakauka. Kama duka la halali lililo karibu nawe linauza kuku wakuu waliostaafu kutaga, wale wanaoshinda meno ukiwapika kwa saa moja, hao ndio hasa: wape saa nane moto mdogo, utapata mchuzi wa kuku wa kienyeji katikati ya Ohio.

Maharage makavu kilo moja na nusu. Ukipenda mbaazi badala yake, nenda maduka ya Wahindi upate kavu, au maduka ya Walatino, ambako zimo kwenye makopo yaliyoandikwa gandules.

Kisha vitunguu kilo 4, nyanya za kopo za gramu 400 makopo matano, kitunguu saumu robo kilo, tangawizi robo kilo, mafuta, viungo vizima vya pilau, bizari. Makongoro huku huuzwa yameshakatwa na kugandishwa. Yaache hivyo hivyo frizani. Tui la kopo nunua pia, ila litakaa kabatini.

Mifuko iwe ile minene ya friza, yenye zipu, ya ujazo wa lita 4 hivi. Mifuko myembamba ya sandwichi hupasuka pembeni, na hewa ikiingia nyama inapata mabaka makavu ya kijivu yasiyo na ladha.

Kabla hujatoka kwenda dukani, fungua friza uangalie. Inapaswa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na isibebeshwe mzigo mkubwa wa vitu vipya kwa mara moja, la sivyo vinaganda polepole, vinatoa maji mengi siku ya kuyeyuka, na vile vya zamani navyo vinaanza kulegea. Kipimo kinachokubalika ni takriban kilo 1 hadi 1.4 za chakula kipya kwa siku kwa kila lita 28 za friza. Friza ya lita 200 basi isipewe zaidi ya kilo 7 hadi 10 kwa siku. Ndiyo maana kazi hii naigawa jioni mbili. Mwenye kifriza kidogo cha juu ya friji apunguze kila kitu kwa nusu.

Jioni ya kwanza: maharage

Yaloweke asubuhi kabla ya kwenda kazini. Saa tano ndicho kiwango cha chini; kutwa nzima ni bora. Jioni mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya, bandika kwenye jiko la kawaida.

Hapa usifanye mkato. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Kuchemka kwelikweli kunaivunja, lakini joto la chini haliivunji, na maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Sasa fikiria chungu kinachopanda joto taratibu kwa saa kadhaa, na wakati mwingine hakifiki kuchemka kabisa. Kwa hiyo maharage makavu hayaingii humo kamwe kabla hayajachemka jikoni. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri dakika 30 za kuchemka kwa nguvu. Yale ya kopo yameshapikwa, hayana shida hii.

Mimi huyapeleka mbele zaidi ya hizo dakika 30, mpaka punje iminyike kati ya vidole lakini bado imeshika umbo lake. Sababu ni nyanya. Uchachu wa nyanya hufanya maharage yagome kulainika, na rosti yetu imejaa nyanya. Ukiyatia yakiwa magumu, utayakuta magumu baada ya saa nane, yana rangi nzuri tu.

Yakifika hapo, yatoe motoni, chuja, lakini hifadhi vikombe vitatu vya supu yake. Yatandaze kwenye sinia yapoe haraka.

Jioni ile ile: rosti

Hii ndiyo roho ya kazi yote, usiifanye huku unajibu simu.

Katakata vitunguu vyote vyembamba. Tumia karai pana au sufuria kubwa mbili kwa pamoja, kwani vitunguu vikirundikana havikaangiki, vinachemka kwa maji yake. Mafuta vikombe viwili kwa kilo zote nne. Anza na moto wa wastani, chumvi bado. Vitalegea, vitatoa maji, maji yatakauka, halafu ndipo vitaanza kubadilika rangi, na hapo usiondoke. Inachukua dakika 40 au zaidi. Vikifika kahawia ya asali, chota robo yake, endelea kuikaanga pembeni mpaka iwe kahawia iliyokolea, ikaushe mafuta, weka kando. Hivyo ni vitunguu vya pilau. Vigandishe kwenye vijifuko viwili vidogo.

Kwenye vilivyobaki tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa au kusagwa, geuza dakika mbili tatu mpaka ukali wake upungue. Tia bizari ya manjano vijiko viwili vya chakula na binzari nyembamba ya kusaga vijiko vitatu, geuza, kisha mimina nyanya. Endelea kupika, mwiko ukipita chini, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Ukiona bado kuna maji ya nyanya, subiri. Chungu hakitakukaushia kesho.

Sasa kuhusu viungo. Friza inacheza na ladha. Karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu huzidi ukali na kuelekea uchungu vikikaa kwenye baridi muda mrefu. Bizari ya mchuzi ile ya paketi hupata harufu ya uvundo. Chumvi nayo inapoteza ladha, tena inaharakisha mafuta ya nyama kuchacha. Kwa hiyo rosti ya mfukoni naiacha bila chumvi, bila karafuu, bila bizari ya mchuzi, na hivyo vyote vinaingia siku ya kupika. Kitunguu saumu sina namna, mchuzi bila hicho ni wa mgonjwa. Ila ndiyo sababu mifuko hii naitaka iliwe ndani ya miezi mitatu na si mwaka.

Rosti ikiiva igawe kwenye trei pana, isizidi unene wa kidole, ipoe, iingie friji kabla ya saa mbili kupita. Usiwe na haraka ya kuimwaga ikiwa vuguvugu juu ya nyama mbichi. Kati ya nyuzi 4 na 60 ndipo vijidudu vinapostawi, na mfuko uliofungwa wenye nyama na rosti ya uvuguvugu katikati unachukua saa nyingi kupoa hata ndani ya friza.

Maharage yakishapoa yafunge jioni hiyo hiyo: theluthi moja ya maharage kwa kila mfuko, kikombe kimoja cha rosti iliyopoa, kikombe kimoja cha supu yake. Acha nafasi kidogo juu maana maji yakiganda yanavimba.

Siku ya pili: nyama na mifuko

Andika mfuko kabla hujaujaza. Ukishakuwa na baridi na unyevu, wino haushiki, na baada ya wiki tatu hakuna anayejua hiki ni kuku au ng'ombe. Andika jina la chakula, tarehe, na muhimu zaidi, kile ambacho hakimo: "ongeza maji kikombe 1, chumvi, tui kopo 1, ndimu". Atakayepika siku hiyo huenda si wewe.

Kunja mdomo wa mfuko nje, usimamishe ndani ya jagi ili usianguke. Kwa mchuzi wa ng'ombe tia kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vya ukubwa wa yai la kuku, kikombe kimoja cha rosti, basi. Vipande vidogo vinasambaratika. Kwa kuku tia mapaja ya kilo 1.2 hivi, rosti kikombe kimoja, na pilipili mbuzi moja nzima kwa wapendao, isitobolewe. Kwa nyama ya pilau rosti haihitajiki kabisa: tia kilo moja yenye mfupa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa kijiko kimoja kimoja, fimbo ya mdalasini, iliki kiasi. Karafuu na pilipili manga nzima zifunge kwenye kikaratasi kabatini, ziandikie jina.

Wapo wanaobisha kwamba nyama lazima ikaangwe juujuu kwanza ipate rangi. Kweli inapendeza, lakini fanya hivyo siku ya kupika kama una muda. Usikaange nusu halafu ukagandisha. Hapo umeipasha joto la kuamsha vijidudu bila kuwaua, ukawafungia ndani. Aidha mbichi, aidha imeiva. Rosti iliyokaangwa vizuri inaleta rangi ya kutosha.

Toa hewa yote kwa kiganja, funga zipu, laza mfuko kwenye trei, usambaze uwe bapa, unene wa sentimita tatu. Trei iingie frizani. Kesho yake mifuko imekuwa migumu, isimamishe wima kama vitabu kwenye rafu, wa zamani mbele. Ubapa huu si urembo. Mfuko bapa unaganda haraka na kuyeyuka haraka, wakati donge la mviringo linaweza kukaa siku mbili kwenye friji na katikati bado ni barafu. Mifuko ikizidi uwezo wa friza siku hiyo, miwili mitatu ibaki kwenye friji, uianze wiki hiyo hiyo.

Visivyoingia mfukoni ni hivi. Tui hujikata. Viazi mbatata vibichi huwa vyeusi na vya sponji. Ndizi mbichi nazo hubadilika rangi. Mtindi huganda madonge. Kotmiri hulala ikawa majani ya chai. Bamia tia siku ya kupika, saa ya mwisho. Samaki hana kazi kabisa na chungu hiki. Anaiva dakika 15 kwenye karai, kwa nini umlaze kutwa?

Kuyeyusha

Usiku wa kabla ya siku ya kupika ni kuchelewa kidogo. Hamisha mfuko kutoka frizani kwenda friji saa 24 kabla, ndani ya bakuli, kwa sababu mifuko huvuja hata ile ya bei. Ukishayeyuka, upikwe ndani ya siku mbili.

Ukisahau, uzamishe mfuko uliofungwa kwenye beseni la maji baridi ya bomba, ubadilishe maji kila nusu saa, na ukishayeyuka upike hapo hapo. Kuuacha juu ya meza kutwa nzima, hapana.

Wala usimwage donge la barafu moja kwa moja chunguni. Utaona watu wanafanya. Chungu kinahitaji saa nyingi kuyeyusha barafu kabla ya kuanza kupika, na saa hizo zote nyama iko kwenye joto lile lile la vijidudu. Tena udongo uliopata moto ukikutana na barafu unapasuka, na chungu kikipasuka utanunua kingine.

Siku ya kupika

Asubuhi mimina mfuko, ongeza kikombe kimoja cha maji, wala si zaidi, tia chumvi nusu ya unayoitumia siku zote, funika. Mpishi wa sufuria huzoea kuweka maji ya kufunika nyama. Hapa maji hayaendi popote, na nyama yenyewe itatoa mengine. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kikiwa na chakula kidogo kinaungua pembeni, kikijaa sana kinachelewa kupata moto.

Kama uko nyumbani saa ya kwanza, anza na moto mkubwa, kisha shusha. Ng'ombe saa nane moto mdogo, au nne hadi tano moto mkubwa. Mapaja ya kuku saa tano hadi sita moto mdogo. Ukipitiliza yanaachia mfupa, unabaki unavua. Maharage saa tano hadi sita. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kuku avuke nyuzi 74 ndani kabisa, karibu na mfupa.

Kifuniko kiache. Kila ukifunua "kuchungulia kidogo" unapoteza joto linalochukua dakika 20 au zaidi kurudi, na hakuna cha kukoroga.

Nusu saa ya mwisho ndipo chakula kinapokuwa chetu. Kwenye kuku na maharage mimina tui zito kopo moja, geuza taratibu upande mmoja, weka moto mkubwa, na mara hii acha kifuniko wazi kidogo ili uzito ushike. Onja chumvi sasa. Bizari ya mchuzi ikaange kwa kijiko cha mafuta kwenye kikaango kidogo mpaka inukie, uimwage humo. Ndimu mwisho kabisa, na kotmiri ikiwa moto umeshazimwa. Mchuzi wa ng'ombe ukiuona mwepesi, usiutie unga wa mahindi. Chota mchuzi peke yake uweke kwenye sufuria, uchemshe kwa nguvu dakika kumi, uurudishe. Maharage ponda upawa mmoja ubavuni mwa chungu, yatajiunga yenyewe.

Viazi ukivitaka kwenye mchuzi wa ng'ombe, vikate asubuhi, uvitie chini kabisa, nyama juu yake. Vinachelewa kuiva kuliko nyama, na chini na pembeni ndiko kwenye moto.

Pilau ina utaratibu wake. Asubuhi tia nyama na viungo vyake, karafuu na pilipili manga za kabatini, binzari nyembamba nzima kijiko kimoja, chumvi, maji vikombe vitano. Saa nane. Jioni loweka mchele vikombe vitatu huku unavua vijiti vya mdalasini. Kwenye sufuria ya kawaida pasha mafuta, tia vitunguu vyako vya kahawia kutoka frizani, tia nyama, igeuze ishike rangi, tia mchele uliochujwa, halafu pima supu: vikombe vinne na nusu kwa mchele wa basmati uliolowekwa, na uongeze kidogo kama mchele wako ni mgumu. Supu ikikauka palia moto juu, au kwa aliye ughaibuni, funika kwa karatasi ya alumini uingize kwenye tanuri dakika 20. Mchele usiupike ndani ya chungu cha umeme. Unatoka bokoboko.

Na bokoboko lenyewe, tukilitaja, linatoka vizuri humo: ngano iliyokobolewa na kulowekwa, nyama, mdalasini, maji mengi, usiku kucha, asubuhi unasonga kwa mwiko mpaka livutike, unamwagia samli. Wa Unguja na wa Maskati wote watakula.

Makongoro yatoe frizani siku mbili kabla, yayeyuke kwenye friji. Yachemshe kwanza jikoni dakika kumi, mwaga maji yale yenye povu, suuza. Kisha chunguni na tangawizi nyingi, kitunguu saumu, maji ya kuyafunika, kwa sababu hii ni supu. Washa Ijumaa saa nne usiku, moto mdogo. Saa kumi na mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, ndimu, pilipili, chapati.

Kiporo na umeme

Kikibaki chakula usikiache kipoe ndani ya chungu. Udongo ule unashika joto na kinakaa vuguvugu usiku kucha. Hamishia kwenye vyombo bapa, friji ndani ya saa mbili. Kesho pasha jikoni mpaka kichemke, si kwenye chungu cha umeme, kinachelewa mno kufikia moto unaofaa.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia chakula jikoni kwenye gesi umalizie. Ukiwa kazini na ukarudi ukute saa ya maikrowevu inawakawaka, na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga, hata kama nyama inaonekana imeiva. Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, inashika baridi saa 48. Iliyo nusu saa 24. Mfuko wa nyama mbichi ambao bado una chembe za barafu unaweza kugandishwa tena. Kwa wanaoishi kwenye mgao wa umeme, chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa, zikiziba nafasi tupu, zinasaidia sana, na ni heri mifuko sita inayoliwa kwa wiki mbili kuliko 12.

Anayetaka kumpelekea mama chungu kama zawadi anunue Uingereza: umeme wa volti 230 hadi 240 na plagi ya pini tatu bapa ni ile ile ya Tanzania, Kenya na Uganda. Cha Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka Tanga bila transfoma ya kushusha umeme, kitaungua.